Hewa ya Kurudia Nyumbani

Alipoambiwa atoe pumzi yote, Kitafaa alitoa nusu.

Hakufanya ubishi. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha zahanati, mgongo wima, kibanio kimembana pua, bomba la karatasi ngumu mdomoni. Mbele yake alisimama Mpimaji, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita watu walio ng'ambo ya mto. "Vuta, vuta, vuta! Haya toa! Toa yote! Toa, toa, toa!" Kwenye kuvuta, Kitafaa alivuta kama mtu aliyeambiwa ni bure. Ilipofika zamu ya kutoa, akapuliza kidogo, kwa adabu, kama anayepoza chai mbele ya wageni, kisha akafunga mdomo. Mstari kwenye kioo cha mashine ukapanda kidogo, ukachoka, ukalala.

Wakarudia mara tatu. Mara zote tatu mstari ulilala pale pale.

"Mzee, uliwahi kuvuta sigara?" Mpimaji akauliza.

"Sigara? Kitu kizima unakichoma kinakuwa majivu? Mimi?"

"Basi pole. Umepata hamsini na mbili kwa mia. Kiwanda chenu kinataka themanini."

Kiwanda chenyewe kilikuwa cha magodoro ya pamba, na Kitafaa alikuwa amesimama kwenye mashine ya kuchambua pamba kwa miaka kumi na tisa, katika vumbi jeupe lililowafanya wafanyakazi watoke jioni wote wana mvi, hata vijana. Sasa wakubwa walikuwa wameamua kila anayesimama pale apimwe mapafu. Asiyefika themanini aondoke kwenye mashine, na nafasi nyingine hakuna. Kitafaa alipewa ruhusa ya kurudia kipimo mara moja tu, Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Akashukuru. Kabla ya kutoka akauliza kama kile kibanio cha pua mtu anaruhusiwa kuondoka nacho.

Nyumbani, habari ilipokelewa na kila mtu kwa namna yake. Mkewe alikaa chini akashika kichwa. Binti yao, aliyekuwa kidato cha pili, akafunga daftari. Shangazi, dada mkubwa wa Kitafaa, aliyekuja kutembea wiki mbili na sasa alikuwa na mwaka wa tatu, akaanza kulia moja kwa moja bila kupasha koo.

"Ndugu yangu! Mapafu nusu! Na bado hata hajazeeka!"

"Wifi, hajafa," mke akasema. "Yuko hapo anavua viatu."

"Leo anavua. Kesho atavuliwa."

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, na sebule ilikuwa na dirisha moja ambalo halikuonekana. Mbele yake palikuwa na baiskeli isiyo na magurudumu, magurudumu ya baiskeli nyingine, feni isiyo na mapanga, redio tatu zilizonyamaza, madumu, mipira ya maji, mlango wa jokofu bila jokofu lake, na gunia la viatu vya mguu mmoja mmoja. Kila kimoja kilipoingia, mke aliuliza cha nini, na kila mara alijibiwa neno moja: kitafaa. Ndiyo maana hata kiwandani hawakumwita kwa jina lingine. Mke alikuwa na mazoea ya kusema kwamba wifi yake naye ni katika vitu vya nyumba hii visivyotupwa, lakini hilo alilisema jikoni, akiwa peke yake.

Alikuwa pia na maumivu ya kichwa. Kila asubuhi aliamka nayo, na kila asubuhi aliomba dirisha lifunguliwe. Kitafaa hakukataa hata siku moja. Alisema, "Nitapanga vitu vizuri," na vitu vikaongezeka.

Binti ndiye aliyeuliza swali ambalo hakuna mkubwa aliyelifikiria.

"Baba, ulivyoambiwa utoe hewa yote, ulitoa yote?"

Kitafaa akamwangalia kama mtu aliyeulizwa kama ametoka nyumbani uchi.

"Yote? Mtu mzima na akili zake atoe yote? Zahanati kule ni mbali. Niliacha ya kurudia nyumbani."

Shangazi akakatiza kilio katikati.

"Yaani mimi nimemaliza machozi," akasema, "kwa sababu ya uchoyo wa pumzi?"

Mazoezi yakaanza Jumamosi, chini ya mamlaka ya binti na kitabu chake cha sayansi. Kitabu kilitaka dumu kubwa, beseni la maji na mpira mwembamba. Unajaza dumu maji, unaligeuza ndani ya beseni mdomo chini, unapitisha mpira, unapuliza. Hewa yako inasukuma maji nje na unaona ulitoa kiasi gani. Mke akasema vitu hivyo watavitoa wapi. Kitafaa akainuka polepole, akaenda dirishani, akarudi na dumu la lita tano, beseni na mpira, usoni ana furaha ya mtu aliyeshinda kesi ya miaka mingi.

"Mlisema nitupe," akasema. "Semeni tena nitupe!"

Binti akachora mistari kwenye dumu. Mama yake akapuliza, maji yakashuka kama lita tatu. Shangazi akavua kilemba, akasema watu watulie, akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikasimama; akapata lita mbili na nusu na kikohozi. Kisha wakambana Kitafaa pua kwa kibanio cha nguo. Akavuta hewa, kifua kikapanda, mabega yakapanda, hata nyusi zikapanda. Akapuliza. Lita moja na robo.

"Toa, Baba!"

"Nibetoa!" akasema kwa sauti ya pua iliyobanwa.

"Bado ipo, naiona, kifua kimevimba!"

"Hiyo si ya leo."

Binti akaona afadhali aanze na elimu. Akawakalisha wote watatu kwenye mkeka, akafungua ukurasa wenye picha ya mapafu. Akawaeleza kwamba hewa ikishuka, inapita njia inayogawanyika kama matawi, mpaka kwenye vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho, mamilioni kwa mamilioni, na kila kifuko kimezungukwa na mishipa ya damu iliyo myembamba kuliko unywele. Ukuta kati ya hewa na damu ni mwembamba mno, hata karatasi mbele yake ni tofali. Hapo ndipo wanapobadilishana. Oksijeni inatoka kwenye hewa inaingia kwenye damu. Hewa ukaa, ambayo ni taka ya mwili, inatoka kwenye damu inaingia kwenye kifuko, ipulizwe nje.

"Wanabadilishana bila ugomvi?" Shangazi akauliza.

"Bila ugomvi, shangazi. Kila moja inakwenda kule ambako ni chache."

"Sijawahi kuona watu wa hivyo."

"Kwa hiyo Baba, isipotoka ya zamani, mpya haina pa kukaa. Ni kama mlango wa choo cha stendi. Wa ndani asipotoka, mwenye shida atabaki nje anarukaruka."

Hapo Kitafaa alitikisa kichwa kwa kuelewa, na mke akapata matumaini. Binti akalewa na mafanikio yake. Akasoma mstari mmoja zaidi, nao ndio uliowaponza.

"'Hewa tunayovuta ina oksijeni kama sehemu ishirini na moja kwa mia. Hewa tunayotoa ina kama kumi na sita.'"

Kitafaa akainua kidole.

"Soma tena."

Akasoma tena.

"Kumi na sita," Kitafaa akasema taratibu. "Yaani katika ishirini na moja, mtu anatumia tano, halafu kumi na sita nzima, haijaguswa, anaitupa nje?"

"Baba, si hivyo..."

"Na dunia nzima inafanya hivyo? Na serikali inajua?" Akasimama, akaanza kuzunguka sebuleni, hatua tatu kwenda na tatu kurudi, maana vitu havikuruhusu nne. "Miaka yote hii nimetupa kitu kizima!"

Mke akamtazama binti yake. "Funga hicho kitabu," akasema.

Kuanzia siku hiyo Kitafaa akawa anapumua kwa mpango. Alivuta hewa, akaikalia mpaka aridhike kwamba imetumika sawasawa, ndipo akaiachia kidogo kidogo. Mazungumzo naye yakawa magumu. Unamwuliza kama chumvi imekolea, anakuangalia, macho yanamtoka, anainua kidole usubiri, na jibu linakuja wakati sahani zimeshaoshwa. Usiku mkewe alilala akihesabu. Akifika thelathini anampiga kiwiko.

Kwenye dumu, badala ya lita moja na robo, akashuka hadi moja kasoro.

Jumatano, saa tano asubuhi, mbele ya mashine ya kuchambua pamba, Kitafaa alikuwa ameikalia hewa aliyoiona nzuri kuliko zote za wiki ile. Ukuta ukamzunguka, akaanguka. Alianguka juu ya rundo la pamba, kwa hiyo hakuumia kitu isipokuwa heshima. Msimamizi, kijana mwenye suruali iliyopigwa pasi hadi ikakata, akasimama juu yake na kuandika kitu.

"Mzee wangu, mimi sina ubaya na wewe," akasema. "Lakini Ijumaa usipofika themanini, Jumamosi usijisumbue kuja."

Wenzake wakamrudisha nyumbani kwa mkokoteni wa kiwanda, kalala juu ya magodoro matatu, kafunikwa shuka jeupe kwa ajili ya jua. Walinuia wema. Lakini mtaa uliona mkokoteni, shuka jeupe na wanaume wanne waliojaa vumbi wakitembea polepole, na mtaa ukafikiri yake. Mwuza mkaa akavua kofia. Wanawake wawili wakaacha ndoo bombani wakafuata nyuma. Shangazi, aliyekuwa mlangoni akichambua mchele, akarusha ungo juu.

"Ndugu yangu! Nilisema mimi! Nilisema!"

Shuka likainuka. Kitafaa akakaa kitako juu ya magodoro.

"Dada, okota mchele huo," akasema. "Punje kwa punje."

Mwanamke mmoja akazimia kwa muda mfupi, kisha watu wakatawanyika wakicheka, na wale waliokuwa wamelia ndio waliocheka kwa nguvu zaidi. Kitafaa akashuka kwenye mkokoteni peke yake. Kutoka pale hadi mlangoni palikuwa na hatua kumi, na hakuwa amewahi kutembea mbali kama siku ile.

Ndani, mkewe hakucheka. Alikaa kwenye kiti kilichokuwa na nafasi na kumtazama mpaka Kitafaa akakosa pa kuweka macho.

"Mimi naogopa," akasema. "Nimekuona juu ya mkokoteni nikaamini. Nusu dakika nzima niliamini. Halafu unajua nilifikiri nini? Nilifikiri, sasa vitu hivi vyote nitaviweka wapi. Sikulia kwanza, mume wangu. Nilifikiria vitu kwanza. Unaona ulivyonifanya?"

Kwa mara ya kwanza wiki ile Kitafaa hakuwa ameikalia pumzi; ilimtoka tu.

"Na kazi ikienda, tutakula hizo redio?"

"Nikitoa yote," Kitafaa akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "nahisi kama nitakwisha. Sijui nikueleze vipi. Nikifika chini nahisi hakuna kitu. Naogopa kufika hapo."

Hakuna aliyewahi kumsikia akisema neno naogopa. Hata Shangazi, aliyekuwa sakafuni anaokota mchele, aliinua kichwa. Binti, aliyetoka shule mbio aliposikia habari, ndiye aliyekwenda kukaa karibu yake, na kitabu.

"Baba, kuna ukurasa wa pili sikukusomea. Mama aliniambia nifunge."

"Kama ni wa kumi na sita tena..." mama yake akaanza.

"Si wa kumi na sita." Akaweka kidole kwenye mstari. "Wanasema hata mtu apulize mpaka basi, mpaka aone nyota mchana, kuna hewa inabaki mapafuni. Zaidi ya lita moja. Hiyo haitoki. Hata ukitaka huwezi kuitoa."

Kitafaa akageuka.

"Inabaki?"

"Siku zote. Ikiisha, vile vifuko vitasinyaa vishikane. Ndiyo maana imewekwa pale."

"Nani kaiweka?"

"Ndivyo tulivyoumbwa."

"Kwa hiyo ya kurudia nyumbani..."

"Ipo, Baba. Hata ukitoa yote, ipo. Na leo ulipoanguka, kilichokuwa kinakuchoma kifua ni ile hewa ukaa uliyokuwa umeikalia. Mwili ulikuwa unakuomba uitoe."

Kitafaa akaliangalia lile pafu la kwenye picha kwa muda mrefu. Ndipo hasira zikampanda, lakini si za kumgombeza mtu.

"Miaka hamsini na moja," akasema, "naweka akiba juu ya akiba!"

Ijumaa walikwenda zahanati wote wanne. Barazani palikuwa na benchi refu lililojaa wafanyakazi wa kiwanda, waliokuja kwa zamu zao na wengine waliokuja kutazama tu, maana habari za mkokoteni zilikuwa zimefika kila mahali. Chumba cha kipimo kilikuwa na pazia badala ya mlango.

"Mara tatu tu," Mpimaji akamwambia Kitafaa. "Tutachukua ile bora. Tayari?"

Mara ya kwanza alitoa kuliko alivyowahi kutoa tangu azaliwe. Sabini na moja. Mara ya pili, sabini na sita. Jasho likamtiririka. Akaomba maji, akanywa, akasema kuna mahali anafika na koo linajifunga lenyewe.

"Imebaki moja," Mpimaji akasema, na safari hii hata yeye alisema polepole. "Usinitazame mimi. Tazama mbele. Vuta!"

Akavuta.

"Toa! Toa, toa, toa, toa! Usiache! Toa tena! Bado ipo, toa!"

Nje ya pazia Shangazi alikuwa amesimama, mikono imeshika kiuno. Alisikia ile toa, toa, akaona huyu mwanamke anahitaji msaada, tena kutoka kwa mtu anayemjua mgonjwa. Akafunua pazia.

"Toa baiskeli!" akapiga ukelele. "Toa feni! Toa redio ya kwanza! Toa ya pili!"

"Mama, huruhusiwi..."

"Toa mlango wa jokofu, ndugu yangu! Toa madumu!"

Benchi zima likasimama. Watu waliokuwa wamewahi kuomba kamba kwa Kitafaa wakakosa, waliowahi kuazima koleo wakaulizwa la nini, wote wakapata la kusema. "Toa koleo!" mmoja akaitikia. "Toa ngazi yangu, ina miaka minne kwako!" Mke akafunika uso kwa khanga, mabega yanacheka. Halafu akaishusha, akamwangalia mumewe aliyekuwa na macho mekundu, mashavu yamebonyea, bado anapuliza, na yeye naye akaita, kwa sauti ya chini iliyosikika kuliko zote:

"Toa viatu vya mguu mmoja, mume wangu."

Kitafaa akapita pale koo linapojifunga. Akaendelea. Kitufe cha shati kikakatika. Kifua kikashuka, tumbo likaingia ndani, mwili mzima ukakunjamana kama gunia lililomwagwa, na mstari kwenye kioo ukapanda, ukapanda tena, ukatambaa kidogo, ndipo ukatulia. Alikuwa amefika chini. Akakaa pale kwa nukta moja akisikiliza. Kulikuwa na kitu. Ni kidogo, lakini kilikuwepo.

Akavuta hewa, nayo ikaingia mpaka mahali ambapo haikuwahi kuingia.

"Themanini na tatu," Mpimaji akasema. Kisha akaongeza, akiwa amezidiwa na kelele za barazani, "Na kesho kazini ufunike pua na mdomo, mzee. Vumbi lile si la kuchezea hata mwenye mia."

Wenzake wakambeba mabegani. Safari hii alikuwa amekaa wima na hakukuwa na shuka. Shangazi akatangulia mbele akiwaeleza watu njia nzima kwamba ni yeye aliyempulizisha.

Jioni ile ile, kabla hajabadili nguo, Kitafaa alienda dirishani. Hakuna aliyemwambia. Akatoa baiskeli. Akasimama kidogo, akaishika usukani, akaipitisha mlangoni. Akatoa magurudumu, feni, redio zote tatu. Mwenye ngazi akapata ngazi yake. Gunia la viatu alilibeba mwenyewe mpaka jalalani na akarudi bila kugeuka nyuma, ingawa Shangazi aliapa kwamba alimwona akipunguza mwendo. Mwisho wa yote kikabaki kitasa cha dirisha, kimeshika kutu. Wakakigonga kwa jiwe, wanne wote, mpaka kikaachia.

Asubuhi mke aliamka akakaa kitandani muda mrefu bila kujua anakosa nini. Alikuwa anakosa maumivu ya kichwa.

Akakusanya nguo za kufua. Kwenye mfuko wa shati la Ijumaa, lile lililokatika kitufe, akagusa kitu kigumu, akakitoa. Lilikuwa lile bomba la karatasi la zahanati, limelainika upande mmoja kwa mate, lina alama za meno.

Alipoinua macho, Kitafaa alikuwa amesimama mlangoni, tayari kwa kazi, kitambaa cha kufunika pua kinaning'inia shingoni. Alikuwa na uso wa mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Limeshatumika," akaeleza haraka. "Hawawezi kumpa mtu mwingine. Wangelitupa tu. Nikaona labda..."

Hakulimalizia lile neno. Mke akalitazama bomba, akatazama dirisha. Pazia lilikuwa linaingia ndani taratibu, linatoka, linaingia tena. Akaenda akalisimamisha bomba pale kwenye ukingo wa dirisha, peke yake, mahali palipokuwa na vitu vyote.

"Hili libaki," akasema. "Hata mtu akitoa yote, lazima kitu kidogo kibaki."